Kanuni Yangu ya Darasa la Awali

Mimi darasa la nne sikulimaliza. Nalisema mapema ili asije mtu kuniambia kana kwamba amegundua siri. Nilitoka shuleni na kaptura imenibana mapaja, nikaanza kubeba ndizi begani kutoka bondeni mpaka barabarani, mkungu mmoja mmoja, na leo ndizi zangu na parachichi zangu zinatoka Tukuyu kwenda Mbeya kwa pikapu yangu mwenyewe. Nyumba yangu ina bati la bluu, unaiona ungali kona ya chini. Hata wazazi waliponichagua mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi sikuomba kura. Nilisimama tu, wakaniona.

Mwaka ule shule yetu ilipata chumba kipya cha darasa la awali. Sakafu ya saruji, meza fupi za rangi rangi, ukutani wamechorwa twiga na jogoo, na choo cha watoto chenye mlango unaofunga. Watu walikuja kukitazama kama wanakuja kuona harusi. Lakini kilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Mwalimu mkuu, mtu wa Singida, mpole, anayeandika kila kitu mpaka salamu, alituambia hawezi kuweka zaidi ya watoto hamsini. Watakaobaki wataandikishwa shule shikizi iliyo ng'ambo ya mto. Ile shikizi ni banda la mabanzi, si baya, na mwalimu wake ana moyo. Shida ni njia. Unapita juu ya magogo mawili yaliyolazwa, na huku kwetu mvua ikianza haina adabu, inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Kila mzazi alikuwa akimwona mtoto wake wa miaka mitano juu ya yale magogo, mto umevimba chini yake. Ndiyo maana nafasi hamsini zilikuwa zinagombewa kama mahindi ya msaada.

Na mimi nilikuwa na mjukuu wa miaka mitano. Mtoto wa mwanangu wa kwanza, msichana, mwenye maswali kuliko hakimu. Baba yake anaendesha malori ya mizigo kupitia Tunduma, unaweza kupita mwezi hujamwona. Mama yake anakaa na mtoto kwenye nyumba niliyowajengea chini kidogo ya kwangu, ndani ya migomba. Nilitaka mjukuu wangu aingie chumba kile. Siwezi kujifanya sikutaka. Ila nilitaka aingie mchana kweupe, asitokee mtu wa kuninyooshea kidole sokoni.

Mwaka uliotangulia orodha ilikuwa imechafuliwa. Mtu mmoja analeta majina matatu: la mwanawe, la mtoto wa shemeji yake aliyeko Mbeya, na la mpangaji wake. Shule inafunguliwa, viti viko wazi, wenye majina hawajulikani walipo, na waliokataliwa wamekwenda ng'ambo. Basi nikatunga kanuni. Niliitunga mwenyewe, nimekaa juu ya ndizi nikingoja gari lipoe. Mzazi aje mwenyewe na mtoto wake. Asimame mbele ya kamati, aulizwe, ajibu, aandikwe. Hakuna kumsemea mwenzako. Anayewahi ndiye anayepata. Mwalimu mkuu aliiandika akasema, Mwenyekiti, hii ni kanuni safi. Ikatangazwa kanisani baada ya ibada, ikatangazwa msikitini, ikabandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Watu wenye vyeti walikuwa wamehangaika na jambo lile mwaka mzima. Mimi nililimaliza kwa mistari minne.

Siku ya kuandikisha nilifika shuleni kabla ya mlinzi kuondoka. Tulikuwa watu sita kwenye kamati: mimi na wanaume watatu wa rika langu, tuliozaliwa na kukua kijiji kile kile, mwalimu mkuu, na mama mmoja mwenye duka la vitenge na kandambili, Muislamu, ambaye babu yake alikuja kufanya biashara Tukuyu zamani na ukoo wake haukuondoka tena. Yule mama ulimi wake hauna breki, lakini hesabu zake hazikosei, kwa hiyo tunaheshimiana. Niliagiza meza ikae katikati ya chumba, itazame mlango, sisi wanaume wanne tukae upande wa mbele, ili anayeingia tumwone usoni na yeye atuone. Nilifikiri hivyo ndivyo haki inavyokaa.

Kazi ilikwenda. Waliingia akina baba, wakaingia walimu, akaingia nesi na mumewe, wakaingia akina mama wa sokoni. Unaishi wapi? Mtoto ana miaka mingapi? Kadi ya kliniki iko wapi? Kisha nikawa namwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, maana enzi zetu ndivyo tulivyopimwa kama umefikia kwenda shule. Mwalimu mkuu aliniambia pole pole kwamba kipimo hicho kiliachwa zamani. Nikamwambia mimi sijakiacha. Mtoto mmoja alinyoosha mkono akashika sikio la baba yake, akalivuta. Tukacheka, tukamwandika.

Katikati ya asubuhi aliingia bibi mmoja amemshika mjukuu mkono. Namfahamu, amenilea kwa vikombe vya uji nilipokuwa mdogo.

"Mugonile, mama," nikamsalimu kwa lugha yetu. "Huyu mtoto wa nani?"

"Wa mwanangu aliyeko Dar."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yupo nje hapo."

"Basi aingie yeye. Kanuni inataka mzazi."

Bibi alinitazama, akawatazama wenzangu watatu mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Halafu akamgeuza mtoto akatoka. Nikasema moyoni, uzee huu, ukaidi mtupu. Nikaita anayefuata.

Saa sita mchana mwalimu mkuu akasoma: watoto arobaini na saba. Zimebaki nafasi tatu. Nikaomba orodha. Kusoma nasoma, taratibu, kwa kidole. Nilishuka nalo lile daftari mpaka chini, nikapanda tena. Mjukuu wangu hayumo.

Asubuhi mke wangu alikuwa ameniambia wanajiandaa kunifuata shuleni, mtoto kavaa sweta ya njano. Nikajua wapo. Nikasema kwa sauti, nikiwa nacheka, kwamba akina mama wa kijiji hiki ni wavivu, wenzao wa mjini wamewahi wote.

Mama wa dukani akaweka kalamu chini. "Wavivu? Mwenyekiti, hebu toka ukanyooshe miguu. Zunguka nyuma ya madarasa, halafu urudi utuambie umeona nini."

Nikatoka. Mvua ilikuwa ndogo, ile ya kuchuja. Nikapita darasa la tatu, nikapita stoo, nikakohoa kama ninavyokohoa siku zote kabla ya kupinda kona, nikapinda. Walikuwa pale kwenye migomba ya shule, akina mama kumi na mmoja na watoto wao. Wale akina mama waliinuka wote kwa pamoja, wakanipa mgongo, wakavuta vitenge juu ya vichwa. Mtoto wa sweta ya njano akachomoka akanikimbilia, akanishika mguu.

"Babu," akasema, "tunangoja mtoke."

Asiye wa huku nimweleze. Kwetu mke wa mwanangu haonani nami uso kwa uso. Hanitaji, hapiti mbele yangu, haingii chumba nilichomo, na akinisikia nakuja anakwepa. Tunaita ukutila, maana yake kuogopa, lakini ni woga wa heshima, si wa fimbo. Na si mimi tu; ndugu zangu na watu wa rika langu nao ni baba zake vile vile. Siku hizi wengi wameuacha, hasa wa mjini, na kanisani hawaupendi sana. Kwenye vijiji vyetu wapo wanaoushika, na nyumba yangu inaushika. Tulikuwa tumeuzoea mpaka hatuuoni. Mimi nakohoa, yeye anapita nyuma ya nyumba. Chakula anapika, mke wangu analeta. Akiwa na shida anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia, namjibu mke wangu. Miaka sita tumekaa boma moja, na sauti yake nilikuwa naisikia ikikatika tu, anapoacha kumwimbia mtoto kwa sababu nimekohoa.

Halafu mimi, mwenye akili zangu zote, nikaweka meza itazame mlango, nikawapanga baba wakwe wanne nyuma yake, nikasema kila mama asimame mbele yao ajibu maswali. Mtu wa Singida asingejua. Mwalimu ametoka mbali, kwake kanuni ni kanuni. Sisi wanne ndio tulipaswa kujua, na hakuna hata mmoja aliyewaza. Na waliofungiwa nje ni wale wale ambao waume zao wako mbali: Dar, Mbeya, mashamba ya chai, malorini. Mwenye mume nyumbani, mumewe aliingia akamwandikisha mtoto, kwisha.

Nilirudi ndani nimelowa. Mama wa dukani hakuniuliza nimeona nini.

"Ungeniambia asubuhi," nikamwambia.

"Ningekuambia nini? Mila ni yenu, mimi ningejuaje kama hamjakubaliana? Nimesubiri mmoja wenu aone. Mlango umeuziba kwa mwili wako, Mwenyekiti."

Mwalimu mkuu ni mtu mwema. Aliinama sikioni kwangu akasema mjukuu wangu anajulikana, mimi mwenyewe nimemtambua, kwa hiyo anaweza kumwandika namba arobaini na nane bila ubishi. Alikuwa ameshaandika namba. Ilibaki jina tu.

Nitasema ukweli, sikumkataza haraka. Nilikaa nikiitazama ile arobaini na nane. Niliwaza magogo. Niliwaza kwamba hakuna atakayeuliza. Mjukuu wa mwenyekiti kuingia kwenye orodha, hiyo nayo ni habari? Wenzangu watatu walikuwa wanatazama dari, na maana yake nilikuwa naijua: kila mmoja ana mkwe wake kule migombani, nikiandika wangu nao wanaandika wao, nafasi zinakwisha kabla hatujafika kwa yule bibi wa uji.

"Futa hiyo namba," nikasema.

Nikatoka kibarazani walipokuwa wazazi walioandikisha, wanangoja mvua ipungue, na nikawaambia kwamba kanuni yangu ina tundu na naiziba sasa hivi. Hakuna tena anayewahi ndiye anayepata. Watoto wote, arobaini na saba na kumi na mmoja, watapangwa upya kwa jambo moja tu: nani akienda shikizi hana mtu wa kumvusha. Mwenye mtu wa kumvusha, au anayekaa karibu na ng'ambo, atakwenda ng'ambo. Na kikao kitaendeshwa na mama wa dukani, mwalimu mkuu akiandika. Sisi wanaume wanne tunatoka.

Kelele zilizofuata sikuzitarajia kuwa ndogo. Baba mmoja, mnunuzi wa parachichi mwenzangu, akaja mpaka mbele yangu.

"Mwenyekiti, sheria unaitunga asubuhi, mchana unaivunja?"

"Ni yangu," nikamwambia. "Ningekuwa nimeiazima kwa mtu ningeuliza ruhusa."

Watu wakacheka, na mtu akicheka kugomba kunamshinda kidogo. Alibaki akinung'unika kwamba yeye ana pikipiki, kwa hiyo ataonewa. Nikamwambia mwenye pikipiki haonewi na magogo.

Tukachukua benchi, sisi wanne, tukaliweka nyuma ya ukuta wa chumba, chini ya bati, tukakaa tumeutazama mlima uliokuwa ndani ya mawingu. Mmoja wa wenzangu akasema hajawahi kufukuzwa darasani tangu aache shule. Mwingine akasema yeye ndiye alikuwa anafukuzwa kila siku, amezoea. Halafu tukanyamaza, kwa sababu madirisha yalikuwa ya nondo tupu, vioo bado havijawekwa, na kila lililosemwa ndani lilitoka mpaka kwetu. Tulisikia viatu vinavyovuta tope, akina mama wanaingia. Mmoja baada ya mwingine, wanajibu. Wengine sauti ndogo, wengine sauti za sokoni. Yule mkwe wa bibi wa uji alisema anakaa juu kabisa, ana kichanga cha miezi miwili, na akimbeba kichanga hawezi kumshika mkubwa juu ya magogo.

Kisha mama wa dukani akauliza, "Wewe ni nani?"

Sauti iliyojibu sikuijua. Ilikuwa nzito kidogo, haina haraka. Alitaja jina la mtoto, ndipo nikajua ni mkwe wangu.

Mwalimu mkuu akamwuliza, kwa upole wake, kama babu wa mtoto si ana gari.

"Gari analo," akasema. "Linatoka na ndizi alfajiri mtoto amelala, linarudi jioni. Na mimi sijawahi kulipanda. Likipita nashuka bondeni mpaka limalizike kupita. Kwa hiyo niandikeni kama mtu asiye na gari."

"Lakini ni mjukuu wa Mwenyekiti."

"Asubuhi sikuandikwa kwa sababu yake. Sasa nisinyimwe kwa sababu yake. Wala msinipe kwa sababu yake. Niulizeni maswali mliyowauliza wenzangu."

Wenzangu pale benchini waligeuka kunitazama, na mimi nikautazama mlima. Nataka mjue kwamba sikuona aibu. Niliona fahari, kwa kweli. Nikawaza, huyu ndiye aliyeletwa na mwanangu, na mimi nilitoa ng'ombe kwa ajili yake bila kujua kilichomo. Akaulizwa maswali yote. Mtoto alizaliwa lini, nani anabaki naye, mto unavukaje. Akasema mto anavuka, anambeba mtoto mgongoni, lakini mwezi wa tatu magogo yanafunikwa na ndipo anapoogopa. Alipigania ile nafasi neno kwa neno, hakulia, hakuomba.

Waliwapanga mpaka karibu saa kumi. Waliokaa karibu na ng'ambo walihamishwa, mwenye pikipiki alihamishwa, wengine walikubali wenyewe. Mwishoni ikabaki nafasi moja na watoto wawili: mjukuu wangu na yule wa mama mwenye kichanga. Mama wa dukani akatoka kuja kwetu nyuma ya ukuta. Hakukaa.

"Mwenyekiti, wako hatukumwandika. Mwenzake ana kichanga."

"Nimesikia."

"Ukitaka kikao kirudiwe, cheo unacho."

Cheo nilikuwa nacho, na daftari lilikuwa umbali wa hatua kumi. Nikamwambia afunge orodha, apige muhuri. Mkono wangu ndio uliosaini, jina langu lote, herufi kubwa kubwa, chini ya majina ya watoto hamsini.

Nyumbani mke wangu alingoja nimalize kula. Halafu akaniuliza kama nimesikia alichosema mkwe wetu kuhusu gari. Nikasema nilisikia. Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia amwulize yeye anataka nini, maana leo nimeona anajua kujieleza. Akaenda nyumba ya chini, akakaa huko muda mrefu, nikasikia wanacheka. Aliporudi alikuwa na jibu, na masharti.

Sasa ndizi zangu zinatoka Tukuyu saa tatu, si alfajiri. Wenzangu wa Mbeya walilalamika wiki mbili, wakazoea, kwa sababu ndizi kama zangu hawazipati kwingine. Kila asubuhi natoa pikapu, nazunguka kwa daraja la barabara kubwa mpaka shikizi, na njiani nabeba watoto wengine wanne waliokosa nafasi siku ile, yule wa pikipiki akiwemo, kwa sababu pikipiki yenyewe iliharibika mwezi wa pili. Mjukuu wangu anakaa mbele na mimi ananiuliza maswali. Mama yake anapanda nyuma, kwenye mizigo, baada ya mimi kukaa ndani na kufunga mlango, anakaa amenipa mgongo, uso kwenye njia tuliyotoka. Anagonga bati mara moja maana yake twende, mara mbili maana yake simama.

Kile kioo cha ndani cha kutazama nyuma nimekigeuza juu, kinaonyesha dari la gari. Vya pembeni vinanitosha. Dereva kama mimi havimpi shida. Jana, kwenye kilima kabla ya shikizi, gari likiwa linapanda taratibu na watoto wamenyamaza, nilimsikia kule nyuma ameanza kuimba. Nikabanwa na kikohozi. Nikakimeza, nikaongeza gia.